Miezi Tisa ya Kulaumu Soya

Titi langu la kushoto lilikatwa Kisangani, na kabla halijakatwa nilipoteza miezi tisa nikiilaumu soya. Miezi tisa, muda wa kubeba mimba na kuzaa. Naandika haya nikiwa nimekasirika, na sitaki mtu aniambie nitulie kwanza ndipo niandike. Nikingoja nitulie, kuna mwanamke mwingine hapa Kindu atakuwa ameketi nyumbani akikanda titi lake kwa majani ya moto, akidhani anapona kwa sababu ameacha uji.

Sitaeleza ugonjwa wenyewe unaanzaje wala unatembeaje mwilini. Hayo wanayajua waliosoma. Mimi najua benchi za kungojea, najua ladha ya chuma mdomoni, na najua soya. Soya ninaijua kuliko mtu yeyote wa Mikelenge, mtaa wetu hapa Kindu, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Wakati wa vita mji wetu ulifungwa. Wenye bunduki waliokuwa msituni walituzuia kwenda mashambani, na wenye bunduki waliokuwa mjini walituzuia pia. Mihogo ilikomaa shambani hadi ikaoza, sisi tukiwa tunachemsha majani ambayo hata mbuzi huyapita. Mwanangu wa kwanza, Zaina, alikuwa na miaka miwili. Miguu yake ilivimba, ukiibonyeza shimo linabaki, na nywele zikageuka nyekundu. Alikuwa ameacha kulia. Wanaojua njaa wanajua kwamba mtoto aliyeacha kulia ndiye wa kuogopewa.

Nikampeleka kwenye kituo cha lishe. Pale walipika uji wa soya na mahindi, sukari kidogo na mafuta, wakawapa watoto kwa vikombe. Siku ya sita Zaina aliona kikombe kinapita kwenda kwa mtoto mwingine, akapiga ukelele uwanja mzima ukageuka. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Kwa kuwa nilikuwa pale kila siku nikizuia njia, mkubwa wa jiko alinipa mwiko, nikawa mpishi. Nilijifunza kukaanga soya: ukiitoa motoni mapema inasumbua tumbo, ukichelewa inakuwa chungu. Nilipika mpaka vita vilipoondoka mlangoni mwetu.

Amani ilipokuja nikapata kipande cha shamba Mikelenge, nikapanda soya. Nilikaanga, nikasaga, nikauza unga sokoni. Watu wakaniita Mama Soya, likawa kama jina la ubatizo, mimi Mwislamu ambaye sikubatizwa kamwe. Akina mama waliojifungua walikuja kwangu, na niliwaambia wote maneno yaleyale: kunyweni uji huu, unaleta maziwa. Niliyasema kwa miaka ishirini. Kumbuka maneno hayo, maana ndiyo yaliyonifunga.

Ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga. Nilikuwa naoga nitoe vumbi la shamba, mkono ukagusa kitu kigumu upande wa kushoto, ukubwa wa kokwa la mchikichi. Hakikuuma. Nilikaa na jambo hilo siku tatu, kisha nikamwambia wifi yangu mkubwa, Yaya Faida.

Kwa wasiojua nyumba zetu, dada mkubwa wa mume, tunayemwita yaya, ndiye mwenye neno juu ya miili ya wanawake wa ukoo. Yeye ndiye anayekukanda ukizaa, ndiye anayejua nani hajashika mimba na kwa nini. Mume wangu, Baba Zaina, ni mtu wa reli, anaweza kubishana na mkubwa wake wa kazi mbele ya stesheni nzima, lakini kwa dada yake ni mtoto mdogo. Kwenda hospitali bila kumwambia Yaya Faida ni sawa na kumtukana. Mimi nilimheshimu. Aliniuguza katika uzazi mara nne na mkono wake ulikuwa mwepesi.

Alishika kile kivimbe, akanyamaza kidogo, akasema kwa uhakika kabisa, kwa Kiswahili cha kwetu ambacho "ndiyo" ni "njo":

"Njo soya ile. Iko na kitu ya banamuke ndani yake, inavimbisha titi. Niliisikia mu telefone, ba dokta ya Ulaya njo banasema."

"Yaya, mimi ninaikula tangu vita."

"Njo maana! Imejaa. Acha kuikula, utaona, itakauka yenyewe."

Nawe unaweza kunicheka. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia wazazi wa mji mzima kwamba soya inaleta maziwa. Kama inaleta maziwa, basi inakwenda kwenye titi. Kama inakwenda kwenye titi, basi inaweza kubaki huko ikaganda. Hesabu ilitimia kichwani mwangu bila mtu kunisaidia. Tena ilikuwa dawa rahisi! Hakuna kisu, hakuna safari, hakuna kumvulia nguo daktari kijana. Acha tu uji.

Nikaacha. Mbegu niliyokuwa nimetunza kwa ajili ya mvua, Yaya Faida aliitia motoni uani kwetu mbele ya macho yangu. Baba Zaina alikuwa amesimama mlangoni. Nimemsamehe mengi mume wangu, hilo bado.

Habari kwamba soya inaharibu titi zilienea haraka, ila kivimbe changu tulikificha. Wateja walirudisha unga. Mama mmoja niliyemsaidia wakati wa vita alikuja na binti yake mkubwa, akaniuliza mbele ya watu kama nimemwekea mtoto wake ugonjwa kifuani. Swali lake lilinifuata nyumbani, kwa sababu na mimi nilikuwa na binti niliyemlea kwa uji uleule. Usiku na mchana nilimwangalia Zaina, sasa mwalimu wa shule ya msingi na mama wa mtoto anayenyonya, nikajiuliza nimemfanya nini.

Ukafika mwezi wa mfungo. Kwetu, jua likizama, kila ua hupeleka bakuli la futari kwa jirani, na jirani haliachi lirudi tupu, hutia chake. Bakuli zangu za uji zilikuwa zikisubiriwa. Mwaka ule nilipika uji wa mchele mtupu, soya hakuna hata punje, nikapeleka nyumba sita. Bakuli sita zilirudi zimefunikwa kama nilivyozifunika, uji umeshika ngozi juu. Watu waliogopa hata sufuria yangu. Nilikaa jikoni nikaunywa wote mimi peke yangu, bakuli baada ya bakuli, kwa hasira, hadi tumbo likaniuma.

Na kivimbe? Kilikua. Yaya Faida alikikanda kwa majani ya moto kila Ijumaa, akisema kinalainika. Hakikulainika hata siku moja. Ngozi juu yake ikawa na vishimo vidogovidogo, chuchu ikaanza kuzama ndani. Niliona. Nilikuwa na macho. Nikasema labda soya ya miaka ishirini haitoki kwa miezi michache.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, Zaina alinikuta nabadilisha nguo iliyolowa. Alisimama na mtoto mgongoni.

"Mama, hii ni nini?"

"Inakauka."

"Inakauka? Mama! Tangu wakati gani?"

"Tangu mpunga."

Sijawahi kumsikia mwanangu akinipigia kelele kabla ya siku ile. Alipiga kelele mpaka mtoto akaamka akaanza naye. "Ulinificha juu ya nini? Unataka kufa juu ya kuogopa shangazi?" Akanishika mkono, akanipeleka hospitali nikiwa na kikwembe, kitenge cha kujifunga, kilicholowa.

Benchi ya hospitali yetu ni ya mbao na ina msumari mmoja ulioinuka upande wa kulia. Kila mgonjwa wa zamani anaujua, hukaa mbali nao, na mgeni ndiye anayechanika nguo. Nilichanika. Daktari alitazama, akagusa hadi kwapani, akaandika karatasi ya kwenda Kisangani. Akaniuliza nimekaa na kivimbe muda gani. Nilipomjibu aliweka kalamu chini, akatazama dirishani. Afadhali angenitukana.

Tulikwenda kwa pikipiki, mimi na Zaina, kwa barabara ya Lubutu, siku nne za matope. Mtoto alimwacha kwa mama mkwe wake, maziwa yakamjaa njiani, ikambidi ayakamue kando ya barabara akilia. Dereva aligeuza uso, kisha akavua koti lake la mvua akatufunika sote wawili. Yeye akaendesha akilowa hadi Lubutu. Sikujua jina lake. Huyo naye nimwandike, maana nikihesabu watu niliowakasirikia nisimsahau aliyenifunika.

Kisangani walichukua kipande cha nyama, wakakipeleka Kinshasa kwa ndege, tukangoja. Jibu lilipokuja, ikawa serumu tatu kwanza, yaani dripu za dawa kali, ili kivimbe kipungue, kisha kisu, kisha serumu tatu tena. Kati ya serumu na serumu wiki tatu. Zaina alirudi kwa mtoto wake, mimi nikabaki kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali. Tangu hapo sikujua tena Jumatatu wala mwezi. Nilijua serumu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya ya kwanza nywele zilitoka zikiwa zimeshikana, kama manyoya ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Baada ya ya pili kucha zikawa nyeusi. Baada ya ya tatu harufu ya vitunguu jikoni kwa jirani ilinitoa mbio. Mama mmoja wa kiti cha pembeni alinifundisha kunyonya ndimu kabla ya sindano. Sijui kama yu hai.

Muuguzi wetu alikuwa Mama Ngalula, mwanamke wa Kasai, mnene, wa kucheka. Siku ya serumu ya pili nikapata moyo nikamuuliza.

"Mama, njo soya ilinileta hapa?"

Hakucheka. Alivuta kiti.

"Nani alikuambia?"

Nikamweleza yote, tangu kituo cha lishe hadi mbegu zilizochomwa.

"Sikia, mama. Mboga, uji, maziwa ya soya, chakula ya kila siku, hiyo haikukuletea ugonjwa. Kama ni vidonge vya soya vya kwenye chupa, hivyo usimeze bila kuuliza dokta. Lakini uji yako haina kosa. Juu ya nini wewe na si mwingine, hata dokta hajui. Kitu moja njo ninajua: ile miezi tisa ilikuumiza."

Unadhani nilifurahi? Nilimchukia. Nilimgeuzia mgongo na serumu mkononi. Nilitaka soya iwe na kosa, kwa sababu kama soya haina kosa, basi mbegu zangu zilichomwa bure, bakuli zangu zilirudi bure, na titi nitalipoteza kwa ujinga wangu na wa wifi yangu. Soya nilikuwa tayari kuisamehe. Watu ndio sikuweza.

Walikata mwanzoni mwa mwaka. Mume wangu alikuja kwa siku mbili, akaleta sabuni na mchele wa nyumbani. Wakati wa kubadilisha kitambaa alitazama ukuta. Siku ya pili nikamwambia, "Baba Zaina, angalia. Ulisimama mlangoni mbegu zikiungua, sasa angalia." Akaangalia. Alikaa chini sakafuni, mtu wa reli mzima, akaniomba radhi. Nilimpa upande wa mkeka wangu alale.

Mfungo ulinikuta kwenye serumu, na daktari akanikataza kufunga. Niliporudi Kindu, mwanzo wa kiangazi, nikiwa na vidonge vya kumeza kimoja kila asubuhi kwa miaka, shehe wa mtaa akanishauri nilishe maskini mmoja kwa kila siku niliyokula. Siku thelathini. Nikasema vizuri, nitalisha. Nikamtuma Zaina atafute soya.

Yaya Faida alipoona nakaanga alishika kichwa.

"Mama Zaina! Unataka kuua bantu sasa?"

"Ndiyo, yaya. Kaa hapo uone nani atakufa."

Sikuwahi kumjibu hivyo maishani. Alikaa kweli.

Nilimlisha Bibi Tausi, mjane anayeishi nyuma ya msikiti, mwanamke asiyeridhika na kitu. Alionja, akakunja uso. Nikadhani ameogopa.

"Sukari iko wapi?" akauliza. "Wakati ya vita ulikuwa unatia sukari."

Nikatia. Akamaliza, akaomba tena. Akaja kesho na keshokutwa, kila siku na lawama mpya, mara uji mzito, mara mwepesi. Jirani mmoja akaleta bakuli lake akisema ni la kuonja tu. Yaya Faida alikuja kila asubuhi, akaketi kwenye kona ileile, akatazama watu wakila. Nilidhani anasubiri mtu aanguke ili anishinde.

Yaya Faida alikuwa na harufu ya udi. Siku zote alikuwa mtu wa udi, lakini sasa alikuwa ameuzidisha, nguo zinanuka udi hata za jikoni. Siku ya kumi na tisa aliinama kuokota kijiko cha Bibi Tausi, na chini ya udi nikapata harufu nyingine. Harufu hiyo niliifahamu kutoka wodini Kisangani. Nikamwambia Bibi Tausi aende na bakuli lake. Nikafunga mlango.

"Yaya, fungua kikwembe."

"Wewe una heshima gani?"

"Fungua."

Akafungua. Titi la kulia lilikuwa limefungwa vitambaa vitatu, na vyote vilikuwa vimelowa.

"Tangu wakati gani?"

Alisema kwa sauti ya chini. "Mbele ya yako."

Mbele ya yangu, yaani kabla ya yangu. Siku ile aliposhika kivimbe changu akanyamaza, alikuwa amekitambua kwa mkono wake. Alikuwa tayari ameacha soya, alikuwa tayari anajikanda kwa majani. Alinipa dawa yake mwenyewe, ileile, na kila Ijumaa alikuwa akitazama titi langu ili ajue lake litakauka lini. Hakunidanganya. Aliamini. Mpaka leo sijui kama hilo linanipunguzia hasira au linaniongezea.

Nilitaka kumpiga. Naandika ukweli, mkono uliinuka. Kisha nikamtazama, huyu mwanamke aliyepokea watoto wangu wanne, nikamfunga kikwembe chake kwa mikono yangu nikisema maneno mabaya ambayo sitayarudia hapa. "Twende," nikamwambia. "Kuna msumari kwenye benchi, upande wa kulia. Usikae hapo."

Tulichelewa. Tulifika hadi Kisangani, na Mama Ngalula alimpokea, lakini ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini na mifupa. Hawakukata. Walitupa dawa ya maumivu tukarudi. Alikaa kwangu, Baba Zaina akamkata kucha na kumpepea. Nyama ilimshinda, wali ukamshinda. Siku moja akaniita.

"Mama Zaina. Ile uji yako."

Nikapika. Alikula vijiko vitano, kesho yake vitatu. Nilimlisha mwenyewe. Kila kijiko nilikuwa na hasira naye, na kila kijiko nilimwomba Mungu apate kukimeza. Alifariki kabla mvua hazijaanza. Mimi na Zaina tulikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha.

Nimerudi sokoni. Zaina amepimwa, yu mzima, na kila mwezi tunajipapasa, mimi upande mmoja uliobaki, yeye pande zote mbili, tukitaniana. Mbegu nimepata nyingine. Watu wananiita tena Mama Soya, wengine kwa kucheka, na wengi bado wanauliza.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke mmoja aliyebeba kapu la mboga. Alizunguka meza yangu mara mbili. Kisha akasimama.

"Mama Soya, ni kweli banasema soya inaleta ugonjwa ya titi?"

"Unauliza ya nani?"

"Ya ndugu yangu."

"Ndugu yako iko na kitu?"

Mkono wake wa kushoto ulipanda kifuani, ukashuka haraka. Alisema ndugu yake ameshaacha soya miezi miwili sasa, na anaona kama inapungua.

Sikumjibu habari ya soya. Niliinuka, nikamshika mkono ule ule, tukaanza kwenda hospitali. Alibishana nami hadi kwenye njia panda, akasema mboga zake zitanyauka, akasema mume wake hajui, akasema nimeacha unga wangu wazi kwenye beseni. Nilimwambia anyamaze atembee.

Tuliporudi jioni, kuku wa soko walikuwa wamemaliza beseni nzima.